Askari Aliyekuwa Katibu

Ninyi mnaokwenda Kariakoo kununua viatu na simu, bila shaka mmewahi kukatiza mtaa mmoja upande wa Gerezani uitwao Kleist Sykes. Zamani mtaa huo ukiitwa Kipata. Jina la sasa huwashangaza wengi, kwa maana si la Kizaramo, si la Kiarabu, si la Kihindi, na ukilitamka taratibu masikio yanakuambia ni la Mzungu. Lakini mwenye jina alikuwa Mwafrika na Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa uaskari. Nimekusudia kuwasimulia habari zake, na zaidi yale aliyoyafanya baada ya kuvua gwanda. Vita tumesimuliwa vya kutosha. Wale waliorudi nyumbani kutoka vitani, na jinsi walivyoishi na majirani zao miaka thelathini iliyofuata, hatusimuliwi sana.

Kisa kinaanza na baba yake.

Mwaka 1888 watu wa pwani, kuanzia Tanga kushuka kusini, waliikataa kampuni ya Kijerumani iliyokuja kuwatawala. Pangani kiongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim. Kampuni ikazidiwa, na serikali ya Ujerumani ikamtuma afisa aitwaye Hermann von Wissmann aje kuvunja upinzani. Wissmann hakuwa na Wajerumani wa kutosha kupigana nchi ya joto na malaria, kwa hiyo akakodi askari Waafrika: Wasudani aliowachukua Misri, na Wazulu aliowachukua Msumbiji. Miongoni mwa hao Wazulu alikuwamo Sykes Mbuwane. Desemba 1889 Abushiri alikamatwa, akanyongwa papo hapo Pangani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1894, katika mji uleule, Sykes Mbuwane akapata mtoto wa kiume. Huyo ndiye Kleist.

Wanangu, hapa tusipapite haraka. Baba wa mtu ninayemsifu alikuja nchini kupigana na watu waliokuwa wakilinda kwao. Hilo halifichiki na wala halifai kufichwa. Sykes Mbuwane aliendelea kuwatumikia Wajerumani hata katika vita vya Uhehe dhidi ya Mtwa Mkwawa, na ukoo wake unasimulia kwamba wakati wa kurudi alizama katika mto Ruaha. Kleist alikuwa bado mchanga. Akachukuliwa na mkubwa wa askari wale wa Kizulu, Affande Plantan, akalelewa Dar es Salaam kama mtoto wa nyumbani, hata jina la Plantan likawa lake pia. Mtoto hachagui bunduki aliyobeba baba yake. Huchagua, akikua, atakachokifanya yeye.

Kleist alikua katikati ya tarumbeta na gwaride. Akapelekwa shule ya Wajerumani, akajua kusoma na kuandika, akajua Kijerumani na kazi za ofisini. Kisha, kijana mdogo, akaingia jeshini kama walivyoingia waliomtangulia.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, Wazungu waliokuwa wakigombana kwao Ulaya waliuleta ugomvi huku. Mwezi wa Novemba Waingereza walishusha maelfu ya askari, wengi wao kutoka India, pwani ya Tanga, wakapigwa na jeshi dogo la Kijerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi hilo lilikuwa na maofisa wa Kijerumani, lakini waliolijaza walikuwa askari Waafrika, na Kleist alikuwa mmoja wao. Baada ya Tanga vita vilihama kutoka vita vya miji vikawa vita vya kukimbizana porini, kusini kuelekea Rufiji, Msumbiji, hadi Rhodesia ya Kaskazini. Majeshi yote mawili yalichukua chakula cha wanavijiji bila kulipa na kuwabebesha watu mizigo kwa nguvu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara damu kuliko kwa risasi. Kambi ya wapagazi wa Waingereza ndiyo iliyoacha jina Kariakoo. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Dar es Salaam yenyewe ilikwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza tangu Septemba 1916.

Basi mtazameni huyu kijana wa miaka ishirini na kitu. Jeshi alilolitumikia halipo tena. Fedha ya Kijerumani haina thamani dukani. Lugha ya kigeni aliyoihangaikia shuleni haimsaidii ofisini, kwa kuwa bwana mpya anasema Kiingereza. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya mji sanamu ya askari wa shaba, ile mnayoiona mpaka leo kwenye mzunguko wa barabara ameelekeza bunduki yake bandarini, lakini iliwekwa kwa heshima ya waliopigana upande wao. Askari wa upande ulioshindwa hawakuwekewa kitu.

Wengi wao walirudi kulima wakasubiri malipo yao. Katika mwaka 1964, miaka arobaini na sita tangu vita viishe, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo wale waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Aliyekuja na fedha, akitaka kujua nani ni askari kweli, akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata kana kwamba ameshika bunduki. Hakuna aliyekosea. Kila nikikisimulia kisa hiki nawaonea uchungu wazee wale: maisha mazima yamepita, na mwili bado unakumbuka amri.

Kleist hakuwamo. Alikuwa amekwisha kufariki. Lakini pia hakuwa ameishi akisubiri. Baada ya vita alipata kazi ya ukarani katika Shirika la Reli la Tanganyika, Dar es Salaam, akajifunza Kiingereza, akaoa, akapata watoto. Mshahara wa reli ungemtosha kuishi kwa staha na kufunga mlango wake. Sasa tuone kwa nini hakuufunga.

Dar es Salaam ya wakati ule iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa baharini penye miti na upepo, Wahindi wakakaa katikati penye maduka, Waafrika wakawekwa Kariakoo na baadaye Ilala, penye vumbi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na kwa miaka kumi na tisa halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Serikali ilisema Mwafrika akiwa na neno aende kwa chifu wa kabila lake. Sasa chukueni mtu kama Kleist. Ni mtoto wa Mzulu, kazaliwa Pangani, kalelewa Uzaramo, amepigana bega kwa bega na Wanyamwezi, Wamanyema na Wasudani. Aende kwa chifu gani? Mji ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo: makarani, mafundi, wapishi, makuli wa bandarini, waliotoka kila pembe ya nchi na hata nje yake. Hawakuwa na mlango wa kubisha.

Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam msomi mmoja kutoka Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Jina lake James Kwegyir Aggrey, naye alikuja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye. Katika maandishi aliyoyaacha anaeleza kwamba Aggrey ndiye aliyemtia moyo Waafrika waunde umoja wao. Wazo lilikaa kichwani miaka mitano. Mwaka 1929 likazaa Chama cha Waafrika, African Association, na waanzilishi walikuwa watu kama Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi na Ali Said Mpima. Mwalimu Cecil Matola akawa rais. Kleist Sykes akawa katibu.

Liangalieni jina la chama. Halikutaja kabila wala dini. Matola alikuwa Mkristo, Kleist Mwislamu. Wakati serikali inapanga watu kwa makabila, hawa walikaa meza moja wakajiita Waafrika tu. Mimi naona mtu aliyelelewa kambini, kwa watu wa makabila mengi waliokula sufuria moja, ndiye hasa angeweza kuliona hilo mapema.

Na msidhani ukatibu ni cheo kidogo. Rais wa chama huonekana, lakini chama hufa au huishi kwa katibu. Mfikirieni fundi seremala wa Gerezani anayekuja jioni, mikono bado ina vumbi la mbao, kulipa ada yake. Shilingi hiyo ni jasho la siku kadhaa. Katibu akiipokea akaitia mfukoni na kusema “nitakuandika kesho,” fundi atarudi nyumbani na shaka moyoni, atamwambia mwenzake, na mwezi ujao hawatakuja wote wawili. Katibu wa kweli hufungua daftari mbele yake, huandika jina, kiasi na tarehe, huchana risiti, nakala inabaki kitabuni. Kikao kikiitishwa saa kumi, katibu yupo saa tisa na nusu, amekwisha kupanga ajenda na kusoma tena muhtasari wa kikao kilichopita. Barua ya serikali ikija hajibu kwa hasira. Anajibu kwa tarehe, kumbukumbu namba na hoja. Ni kazi isiyopigiwa makofi. Mimi sina shaka kwamba jeshi na ofisi ya reli ndivyo vilivyomnoa Kleist kwa kazi hiyo: kufika kwa wakati, kuhesabu vitu mara mbili, kutoa taarifa kamili. Alichukua alichofundishwa na wakoloni kwa faida yao, akakifanyia kazi kwa faida ya majirani zake.

Kisha wakajenga nyumba. Chama kisicho na nyumba hukutana barazani kwa watu, mvua ikinyesha kikao kimevunjika. Wanachama wakachanga fedha na kujitolea nguvu zao, wakainua ofisi yao New Street, barabara ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Kuchangisha fedha kwa watu wasio na fedha ni kazi inayohitaji uso mkavu na mikono safi. Watu hawampi yeyote senti zao za mwisho wasipomwamini, na miaka ya mwanzo ya 1930, uchumi wa dunia ulipoporomoka na mishahara ikapunguzwa, senti zilikuwa za mwisho kwelikweli. Nyumba ikasimama. Ikumbukeni, tutairudia.

Mwaka 1933 Kleist na wenzake wakaanzisha chama kingine, Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Shida iliyowasukuma ilikuwa hii: shule nyingi nchini zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake watoto wengi walibaki na chuo cha Kurani peke yake, wakiwa hawana masomo ya kuwapatia kazi. Chama kikajenga shule ambamo mtoto alisoma dini yake na pia hesabu na Kiingereza chini ya paa moja. Msione ajabu kwamba mtu huyohuyo alikuwa katika chama cha dini zote na chama cha dini yake. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake mjini, na yeye alikuwa mkazi wa mji.

Isije ikawa nawasimulia kana kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Cecil Matola alifariki mapema. Chama cha Waafrika kilipata ugomvi wa ndani, kikazorota Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, huku tawi la Zanzibar na matawi ya bara yakikisukuma mbele. Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka mjini, alianzisha chama chake cha wafanyabiashara na mwaka 1937 akatoa gazeti la Kiswahili liitwalo Kwetu, na humo hakuwaonea haya viongozi wenzake. Watu walitofautiana, wengine kwa hoja na wengine kwa kugombea vyeo tu. Ndivyo shughuli za watu wengi zilivyo. Wenye kupenda utulivu walijitoa. Mzee Kleist alistaafu reli katika miaka ya 1940, akaingia biashara, lakini mambo ya mji hakuyaacha.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, historia ikaingia tena nyumbani kwake. Wanawe wawili, Abdulwahid aliyezaliwa mwaka 1924 na Ally aliyezaliwa mwaka 1926, walivaa sare za jeshi la Waingereza, King's African Rifles, lile ambalo watu walizoea kuliita Keya. Baba alikuwa amepigana na Keya. Watoto wakawa Keya. Wakapelekwa Burma, mbali kuliko alikowahi kufika baba yao. Huko vijana wa Tanganyika walikutana na wenzao wa Kenya, Uganda na Nyasaland, wakawaona Wahindi wakidai uhuru wao waziwazi, wakawaona na Wazungu wakiogopa na kufa kama binadamu wengine. Hawakurudi na akili zilezile.

Walirudi kwenye nyumba ambamo kazi ya chama ilikuwa sehemu ya maisha, kama swala na chakula. Mwaka 1948 chama kilichukua jina la Tanganyika African Association, TAA. Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Mwaka 1950 Abdulwahid akawa katibu wa TAA. Alikaa kwenye kazi ileile aliyoifanya baba yake, ya daftari na barua.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa usimamizi wa Soko la Kariakoo, mahali ambapo kila mtu wa mji lazima afike, na msimamizi wa soko huwajua watu kuliko polisi anavyowajua. Mwalimu kijana wa shule ya Pugu, Julius Nyerere, aliporudi kutoka masomoni Edinburgh na kuanza kuja mjini kwa shughuli za chama, Abdulwahid alikuwa mmoja wa waliompokea na kumtambulisha kwa wazee na wafanyabiashara. Mwaka 1953 wawili hao waligombea urais wa TAA. Nyerere akashinda. Abdulwahid angeweza kununa na kuondoka na watu wake, na chama kingepasuka. Hakununa. Aliendelea kufanya kazi chini ya aliyemshinda, na nyumba yake iliendelea kuwa wazi kwa Nyerere, hata mwaka 1955 Nyerere alipoacha ualimu na kubaki hana mshahara. Mkiniuliza katika ukoo huu ushujaa uko wapi, nitawaonyesha hapa kabla ya Tanga na Burma.

Na ile nyumba niliyowaambia muikumbuke? Tarehe 7 Julai 1954 watu kumi na saba walikutana ndani yake, New Street, wakaunda TANU, chama kilichoiongoza Tanganyika hadi uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ally na Abdulwahid walikuwa miongoni mwao. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid. Mzee aliyechangisha fedha za ujenzi hakuwahi kuiona siku hiyo. Alikuwa kaburini mwaka wa tano. Wala hakumwona mjukuu wake, naye Kleist kwa jina, akija kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Haya yote tunayajuaje? Tunayajua kwa sababu Mzee Kleist, kwa tabia yake ya ukatibu, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufa. Karatasi zikahifadhiwa nyumbani. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alipokuwa mwanafunzi alizisoma, akawahoji wazee waliokuwa hai, akaandika makala iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Alikuwa binti wa Abdulwahid, kijana kama ninyi, mwenye daftari na maswali. Askari wengine maelfu waliorudi vijijini kwao, wakachimba visima, wakasimamia misikiti na makanisa, wakaamua kesi za mipaka ya mashamba, hawakuwa na mjukuu wa kuwaandika, na majina yao yamekwenda nao.

Katika mtaa wako yupo mzee aliyepigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Umri wake sasa umevuka miaka sitini, pengine themanini. Huenda ndiye mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mjumbe wa kamati ya shule, au yule mnayemwona kila Jumamosi akizibua mtaro peke yake. Mwamkie, mpe shikamoo, kaa naye. Ukimaliza kumuuliza kuhusu vita, usiondoke: muulize alifanya nini aliporudi, na nani, na walipata wapi fedha. Andika majina na tarehe, msomee ulichoandika akusahihishe, kisha hifadhi nakala mbili. Anza wiki hii.